Kiharusi na Mtu wa Kinyaa

Wa kwanza kuisikia harufu yangu nilikuwa mimi mwenyewe. Nimelala kwenye kitanda cha hospitali, upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi, mdomo umevutwa kuelekea sikioni, na harufu ile ikapanda kutoka chini ya blanketi. Nilitaka kumwita nesi nimwambie kuna mtu wodini amejikojolea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu huyo ni mimi.

Naandika kwa ajili ya wale ambao kiharusi kimewapata na sasa wamelala wanaangalia dari, na kwa ajili ya watoto wao wanaozunguka kitanda wakinong'ona. Mambo ya mishipa na presha waulizeni madaktari. Mimi nitaeleza yale ambayo madaktari hawayasemi, na mengi yake ni machafu. Msomaji mwenye roho nyepesi amalize kula kwanza.

Lazima mjue kwamba mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Sikuweza kunywa maji kwenye kikombe cha mtu mwingine, hata awe dada yangu wa tumbo moja. Nilipoolewa, mimi na marehemu mume wangu tulishuka kutoka kwenye migomba na kahawa ya Meru tukafungua gesti ndogo hapa Arusha mjini. Miaka yote niliyoiendesha, hakuna shuka lililotandikwa kabla sijalinusa. Wafanyakazi walinicheka kichinichini, eti Mama Listen ananusa kama mbwa wa polisi. Niliwaacha wacheke, maana wageni walikuwa wanarudi. Asubuhi niliyoanguka, masika yakiwa ndiyo yameanza, nilikuwa kwenye chumba cha kufulia nimeshika foronya. Ikadondoka. Nikainama kuiokota, sikuinuka tena.

Baada ya wodi likaja benchi. Binti yangu Aika alikuwa anaomba ruhusa kazini, kwenye ofisi ya kupeleka watalii mbugani, ananipeleka kwenye mazoezi ya viungo. Huko mnapanga foleni, mnakaa, mnasogea makalio kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Mate yalikuwa yananitoka bila mimi kujua. Hilo nilivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kwamba kila mtu alizungumza na Aika.

"Mgonjwa anakula?"

"Mgonjwa anapata choo?"

"Mgonjwa anaelewa?"

Mgonjwa yuko hapa, jamani, na anaelewa kila kitu. Maneno yalikuwepo yote kichwani, ila yalitoka yamepondeka, na mtu akisikia neno la kwanza limepondeka hasubiri la pili. Katika benchi lile alikuwepo mzee mmoja wa Nduruma aliyekatwa mguu. Siku moja alitoa leso mfukoni, akanifuta kidevu, akaniwekea leso ile mkononi, kisha akaendelea kunisimulia habari za mahindi yake na mvua zilizochelewa. Hakunipa pole. Hakuinua hata sauti, kama wengine waliodhani kiharusi ni uziwi. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke nilijisikia mtu, na leso ya mtu nisiyemjua haikunitia kinyaa.

Ndugu nao walikuja na mtori. Kwetu ile supu nzito ya ndizi na nyama inaaminika kutibu kila kitu, kuanzia uzazi mpaka kuvunjika mfupa. Walinilisha kwa kijiko kikubwa, ukanitiririka shingoni, wakanifuta kwa kitambaa kilekile walichofutia sufuria, halafu wakaomba kwa sauti juu ya kichwa changu wakimwambia Mungu mambo yangu ya ndani ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimemwambia. Wakati wa kuaga walinitazama mdomo, kisha wakatazama ukuta. Mpaka leo harufu ya mtori ikinifikia natafuta dirisha.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kukaa kwa Aika, Terrat. Hapa nataka wasomaji wa kwetu wasome taratibu. Aika ameolewa na kijana mzuri, Josia, mstaarabu, hana neno. Lakini Josia ni mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kiasi kwamba hata mkono hawapeani ovyo, haingii chumba changu, na mimi sipiti mbele yake nikiwa na kanga moja. Sasa niambieni, mtu aliyepooza nusu anaishije nyumba moja na mkwe wake, choo kikiwa kimoja na korido ikiwa moja? Pampasi zangu zilifungwa kwenye mifuko miwili miwili na kufichwa kama bangi. Mimi nilijibana mpaka Josia atoke, na kujibana ni jambo ambalo mwili wangu ulikuwa umeshalisahau.

Siku moja mchana Aika alikuwa kazini na dada wa kazi ametumwa sokoni. Niliburuza mguu mpaka chooni, nikateleza. Nilianguka kati ya sinki na ukuta, kanga imekwenda upande wake na mimi upande wangu. Nikapiga kelele. Aliyekuwepo nyumbani ni Josia peke yake.

Alikuja mbio, halafu akasimama nje ya mlango. Nilimsikia anahema.

"Mama, shikamoo," alisema.

Ndiyo, alinisalimia. Mtu akichanganyikiwa anashika kile anachokijua.

"Marahaba," nikajibu, kwa mdomo ule uliopinda, nikiwa chini.

"Mama, umeumia?"

"Niinue."

Kitenge kikarushwa ndani kupitia mwanya wa mlango, kikaniangukia usoni. Nikasikia hatua zake zinakwenda getini, anaita wanawake wa jirani. Hawakuwepo. Alirudi, akasimama palepale ameupa mlango mgongo, na tukasubiri hivyo, mimi chini nimejifunika kitenge na yeye nje analia, mpaka dada wa kazi aliporudi na vitunguu vyake. Sikumlaumu Josia siku ile na simlaumu leo. Angeniinua, asingeweza kunitazama tena mezani. Lakini nilipokuwa pale sakafuni, shavu langu likiwa karibu kabisa na brashi ya kusugulia choo, niliamua.

Jioni nilimwambia Aika, neno moja moja, "Nitafutie kwa kwenda. Kwa watu wanaolipwa kuniinua."

Alilia. Alidhani nimemkasirikia. Nilimweleza kwamba sijamkasirikia mtu, nimechoka kuwa tatizo la heshima katika nyumba ya watu. Kwa hiyo nataka ieleweke vizuri, kwa sababu baadaye mengi yalisemwa. Hakuna aliyenitupa. Nyumba ya kutunzia wazee niliichagua mimi.

Nyumba yenyewe iko Njiro, ina ukuta na geti kama nyumba nyingine zote za Njiro, na nilipofika haikuwa na kibao. Mwenye nayo ni Mama Upendo, nesi mstaafu, Mchaga. Watoto wake walipoondoka alibaki na vyumba vitupu na ujuzi wake, akaanza kupokea watu kama mimi. Tulikuwa watu wachache tu. Kibao hakuwa nacho kwa sababu familia zilimsihi asiweke. Walitaka kuja kutusalimu bila majirani wala watu wa kanisani kujua wanaingia wapi. Mwanangu mkubwa, Listen, aliyeko Dar es Salaam, alikuwa mmojawapo. Alimwambia ukoo mzima kwamba niko kwake. Kwa hiyo wakati mimi najifunza kukaa kitandani bila kudondoka, kwa habari za ukoo nilikuwa Dar napunga upepo wa bahari.

Sisemi nyumba ya Mama Upendo ni peponi. Wiki ya kwanza tuligombana. Shuka langu lilikuwa na harufu ya unyevu, limeanuliwa kabla halijakauka. Nikalikataa.

"Mama Listen, hapa si hotelini," alisema.

"Ingekuwa hoteli ningeshahama," nikamjibu. Sentensi ile ilinichukua muda mrefu, na yeye alisimama akaisubiri mpaka mwisho. Hapo nikajua nitakaa. Siku iliyofuata tulikubaliana mashuka yaanikwe upande wa nyuma unaopata jua la asubuhi, na yasikunjwe mpaka mimi nimeyagusa.

Pale palikuwa na vyuma ukutani vya kushika. Palikuwa na kiti chenye tundu, unakaa kwa heshima zako. Palikuwa na Neema, mwanamke wa makamo, ambaye hajawahi kunigusa bila kuniambia kwanza anachotaka kufanya. "Mama, sasa nakugeuza kushoto. Mama, sasa nakufuta mgongo." Hamuwezi kujua utamu wa maneno hayo mpaka mmeshikwa kama gunia. Kinyaa changu kwa mwili wangu kilianza kupungua pale, kwa sababu mikono ya Neema haikuwa nacho.

Karaha ilikuja Jumamosi. Jumamosi wanakuja wageni wa huruma. Wamevaa fulana za rangi moja, wameleta sabuni, sukari na pampasi, na Mungu awabariki, tulivihitaji. Lakini kabla ya kushusha vitu wanatoa simu. Tulipangwa barazani kwenye viti, mizigo ikawekwa mapajani mwetu, wao wakasimama nyuma wakitabasamu. Msichana mmoja mwenye kucha ndefu aliniwekea pampasi mapajani, picha ya mtoto mzungu anayecheka ikiwa imeelekea mbele, akaniinamishia kichwa chake begani. Picha ikapigwa. Nikausukuma ule mfuko kwa mkono wangu mzima, ukaanguka.

"Bibi ana hasira," akasema. "Ni ugonjwa."

Walipoondoka nilimwita Mama Upendo. Alikuja amechoka, akakaa.

"Mama Listen, hiyo sabuni tunaitaka."

"Sabuni naitaka. Picha siitaki."

Mzee Mollel, aliyekuwa dereva wa malori kabla kisukari hakijamla macho, akaitikia kutoka kwenye kiti chake. "Hata mimi siitaki. Hao watu wanajua nimevaaje, mimi mwenyewe sijui."

Tulicheka mpaka Mama Upendo naye akacheka. Kisha tukakaa kama watu wenye nyumba na kuweka utaratibu. Zawadi zitapokelewa na mmoja wetu, amevaa vizuri, kwa niaba ya wote. Mgeni anayetaka kukaa na kuzungumza anakaribishwa chai. Picha ni mpaka mtu mwenyewe akubali. Mama Upendo alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya kweli, kwani vikundi vingine havikurudi. Vilivyorudi vilikuwa vidogo, lakini vilituuliza majina yetu. Alisema afadhali hivyo, na nilijua kusema vile kumemgharimu.

Kipupwe kikaja, na baridi ile ya mwezi wa saba, ambao mlima unajificha kwenye wingu wiki nzima. Mazoezi yalinichoma. Vidole vya kulia vilikunjamana kama kucha za kuku na Neema alivikunjua kimoja kimoja kwenye maji ya moto, mimi nikimtukana Kimeru, yeye akiitika "amina". Mwishoni mwa kipupwe nilisimama. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa natembea kwa kile chuma cha miguu minne, natoka chumbani mpaka barazani, mguu wa kulia ukifuata kwa kinyongo. Maneno yalirudi karibu yote, yakiwa mazito. Bado nilihitaji mtu chooni na bafuni, na bado nahitaji.

Wakati huo ile picha ya pampasi ilikuwa inasafiri. Sijui ilipitia wapi, ila ilifika kwenye kundi la simu la ukoo wetu. Mama Listen, aliyesemekana yuko Dar, amekaa kwenye baraza la watu Njiro na mfuko wa pampasi mapajani. Aika aliniambia simu hazikukatika. Shemeji yangu, ambaye watoto wanamwita Baba Mdogo na ndiye msemaji wa ukoo tangu mume wangu afariki, aliuliza kama sisi ni watu wa kutupa mama zetu kwa wafanyabiashara. Ikaamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba Krismasi narudishwa nyumbani mlimani, kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani la mume wangu, na sitoki tena.

Listen alifika Arusha siku mbili kabla ya sikukuu. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri nzuri.

"Mama, nina kitu cha kukuonyesha. Nilianza kujenga mwezi ule ule ulioanguka. Nikasema Mama hawezi kurudi kwenye ile nyumba ya mbao."

Nilimbariki. Mtoto anayekujengea nyumba ukiwa kitandani si haba. Mama Upendo alifunga nguo zangu kimyakimya, akauliza kama apakie kile kiti chenye tundu. Listen alikitazama, akasema hakuna haja, huko kuna choo cha kisasa.

Nyumba ilikuwa imependeza, siwezi kusema uongo. Bati jekundu, nguzo mbele, ngazi za marumaru. Ngazi zile walinibeba wanaume, kwenye kiti, kichwa kimelala nyuma, ukoo wote unaangalia. Pale palipokuwa na shamba la kahawa la mume wangu pametandazwa matofali ya pevingi mpaka kwenye ukuta. Baba Mdogo alizungusha mkono kunionyesha.

"Shemeji, hapa yanaingia mahema makubwa mawili, na hakuna mtu atakayekanyaga tope. Magari yanageuzia kule. Vyoo vya wageni ni vile pale nyuma, vinne, wanaume mbali na wanawake mbali."

"Wageni gani?" nikauliza.

"Wageni," akasema. "Si unajua shughuli zetu."

Ndani, sebule ilikuwa kubwa tupu, viti vimesukumwa ukutani. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao mbili, mpana kuliko mlango wa kanisa tulilobatiziwa. Nilikaa nikautazama. Kutoka nje harufu ya ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ilikuwa inaingia, watu wanaulizana habari za Dar na Mwanza, na moyo wangu ulikuwa unafanya hesabu ambayo sikutaka iishe.

Kikao cha ukoo kikaanza pale pale sebuleni. Baba Mdogo alisimama na glasi yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Tumshukuru Mungu Shemeji amerudi kwake. Yale mambo ya kukaa kwa watu baki yamekwisha. Huyo mama wa Kichaga anafuga wazee kama wengine wanavyofuga kuku, halafu anawapiga picha. Sisi si watu wa namna hiyo."

Watu wakaitikia. Nikataka kusema kwamba aliyepiga picha si Mama Upendo, na kwamba yeye ndiye aliyekubali kupoteza sabuni kwa ajili ya sura zetu. Nikaanza, "Mama Upendo..." na Baba Mdogo akamalizia, "Ndiyo, tumeshamsamehe." Nikaanza tena, na shangazi mmoja akamalizia, "Anataka maji." Nikaletewa maji.

Na hapo nikabanwa na mkojo.

Mabinti watatu wa ukoo wakainuka kunisaidia. Nikawakatalia kwa mkono. Nikamwonyesha Listen.

"Wewe."

"Mama, wacha akina dada..."

"Januari hao akina dada watakuwa wapi?"

Jibu kila mtu alikuwa nalo. Mmoja Dar, mmoja Mwanza, mmoja Nairobi. Kwenye nyumba ile Januari ningebaki mimi na binti wa kazi ambaye hajapatikana. Mtoto wa kiume kumpeleka mama yake chooni kwetu ni aibu, nilijua, na kila mtu pale alijua, na nilitaka ionekane. Listen akainuka.

Choo cha kisasa kilikuwa mwisho wa korido. Mlango wake ulikuwa mwembamba, chuma changu cha miguu minne hakikupita, akakiacha nje. Kulikuwa na kizingiti kilichoinuka. Marumaru yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Ukutani hapakuwa na kitu cha kushika isipokuwa ndoano ya taulo. Listen alinishika kwapani, anatazama pembeni, kanga yangu imefungwa vizuri kwa ajili yake. Mguu wangu wa kulia ukagonga kizingiti, ukakataa. Akavuta. Tukayumba wote wawili. Akanidaka, na katika kunidaka mwili ukaachia.

Ulitiririka kwenye miguu yangu, kwenye viatu vyake vya Krismasi, kwenye marumaru mapya. Mimi, mtu niliyekuwa nanusa foronya. Tulisimama tunasikia unavyodondoka.

"Pole, Mama," alisema. "Pole. Pole."

"Futa."

Nyumba mpya haina hata tambara. Alinikalisha juu ya kizingiti, akavua koti la suti, akapiga magoti na kuanza kufuta. Nilimtazama utosi wake, umeanza upara kama wa baba yake.

"Listen. Mlango wa mbele ni mpana."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

"Fundi ndiye alishauri."

"Alishauri kwa sababu gani?"

Aliendelea kufuta mahali ambapo pameshakauka. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Ili jeneza lipite bila kuinamishwa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika kichwa. Mkono mzima ni mmoja tu, nikamshika kichwa. Alilia pale chini na koti lake lililolowa, mtu mzima, bosi wa watu huko Dar. Alisema nilipoanguka daktari alimwambia ajiandae, naye akajiandaa kwa namna pekee aliyofundishwa, kama walivyojiandaa wana wote wema wa mlima huu. Nilimwamini. Na bado ilinichukiza, nasema wazi. Ilinichukiza kwamba tangu masika watu walikuwa wanapima upana wa mimi nikiwa nimekufa, na hakuna aliyepima upana wa mimi nikiwa hai.

Aika alinibadilisha nguo, tukarudi sebuleni. Listen aliingia na shati tu, suruali imelowa magotini, na harufu alikuwa nayo. Baba Mdogo alikuwa bado amesimama.

"Baba Mdogo," Listen akasema, "Mama ana neno. Naomba asimaliziwe."

Nikalisema, taratibu kama ninavyosema kila kitu. Nikasema nyumba ni nzuri na nashukuru. Nikasema ni nyumba ya msiba, na mimi sijafa. Nikasema Mama Upendo hajanifuga, ananiinua asubuhi na kunilaza jioni, na ananisubiri nimalize sentensi, jambo ambalo ukoo wangu umeshindwa leo tangu chai. Nikasema narudi Njiro kwa sababu kule naweza kwenda chooni.

Shangazi mmoja alijifunika uso kwa upande wa kitenge. Baba Mdogo akauliza, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo, "Na watu watasemaje?"

"Waambie niko Njiro," nikasema.

Listen alinirudisha mwenyewe. Getini kwa Mama Upendo alikaa kidogo ndani ya gari, kisha akashuka na kumwomba msamaha kwa yale yaliyosemwa, maana alijua yatamfikia. Mama Upendo alimwambia aingie kwanza anywe chai. Mwezi uliofuata kibao kikawekwa. Familia mbili zilinung'unika, Listen akazungumza nazo yeye.

Sasa natembea. Mama Upendo na watu wengine wa hapa Arusha wenye nyumba kama yake wamekuwa na umoja, na wakienda ofisi za ustawi wa jamii au kwenye mikutano ya mtaa, mimi na Mzee Mollel tunakwenda nao. Mara ya kwanza tuliwakuta watu wanajadili "wazee wetu" saa nzima bila mzee hata mmoja chumbani, mpaka sisi tulipoingizwa. Sitetei kila nyumba. Nimeingia nyumba moja nikakuta watu wamefungiwa ndani na harufu inakukata pumzi mlangoni, na niliisema hadharani mbele ya mwenyewe. Lakini anayefanya kazi hii vizuri anastahili kuelekezwa na kusaidiwa, si kuitwa mfugaji. Anayetunzwa anastahili kuulizwa.

Na familia zinazotaka ushauri huwa naziendea. Wananipokea vizuri, wananikalisha, wananieleza jinsi walivyomwandalia baba au mama. Nawasikiliza. Kisha naomba kupelekwa chooni. Hawajui kwamba nimekwenda kwa ajili ya hicho. Nikiweza kukaa na kuinuka, tunazungumza ya kumtunza nyumbani. Nikishindwa, wote tunaona, na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Pevingi za mlimani ziko palepale, safi, Baba Mdogo anazifagia. Sina ugomvi nazo. Siku yangu itafika, mahema yatasimama, watu watakuja na viatu vyao havitashika tope, na mimi nitapita kwenye ule mlango bila kuinamishwa. Listen anajua, tumeshaongea. Lakini hiyo ni kazi ya siku moja, watoto wangu, na mwenyewe sitakuwa na haja ya kitu chochote siku hiyo. Leo ni Jumanne, nimekunywa chai vikombe viwili, na nahitaji choo.